Kusimika Seva Si Kazi, Kazi Ni Kuilea

Ofisi yoyote ndogo yenye mafaili mengi hufika mahali ikaulizana: tuendelee kulipia wingu la kampuni za ng'ambo kila mwezi, au tuweke seva yetu wenyewe hapo pembeni ya ruta? Studio ya picha za harusi, shule binafsi, ofisi ya mawakili, SACCOS, redio ya mkoani, wote wana picha, mikataba, fomu na rekodi zilizotawanyika kwenye flashi, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kompyuta ya mtu aliyeshaacha kazi. Zana za kuyakusanya zipo. Programu huria kama Nextcloud, ownCloud na Seafile humwezesha yeyote kuwa na hifadhi yake, yenye folda za pamoja na programu ya simu, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kinachowavuruga watu ni maneno. Wapo wanaotisha na wapo wanaosifia, na kambi zote mbili zinakosea kwa namna moja: zinaitazama mashine na kumsahau anayeitunza. Haya hapa ni madai manane yanayosikika mno kutoka pande zote mbili, na majibu yake.

Dai la kwanza: “Hiyo ni kazi ya kampuni kubwa zenye idara ya TEHAMA.”

Si kweli. Frank Karlitschek alipoanzisha ownCloud mwaka 2010, wazo lenyewe lilikuwa kwamba mtu wa kawaida aweze kukaa na mafaili yake. Juni 2016 alijitenga na kuiendeleza kazi hiyo kwa jina la Nextcloud. Ukiifungua ndani hukuti muujiza. Ni programu ya PHP inayokaa juu ya Linux, ikisaidiwa na seva ya wavuti kama Apache na hifadhidata kama MariaDB au PostgreSQL. Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inatosha kuihudumia ofisi ya watu kumi na ushee.

Anayeweza kufuata maelekezo ya maandishi na kuandika amri kwenye skrini nyeusi atamaliza kwa siku moja. Makosa ya siku hiyo yanajulikana na dawa zake zinajulikana. Ukiambiwa umeingia kupitia kikoa kisichoaminika, ujue hujaliandika jina la seva kwenye orodha ya trusted_domains ndani ya config.php. Faili kubwa likikataa kupanda, tazama kikomo cha ukubwa kwenye mipangilio ya PHP. Ukichagua hifadhidata ya SQLite kwa kuwa ndiyo njia ya mkato, seva itaanza kusuasua watu watano wakiitumia kwa pamoja, maana SQLite hapo imewekwa kwa ajili ya majaribio. Na ukisahau kuipangia seva kazi zake za kila dakika 5, itaonekana nzima huku usafi wake wa ndani haufanyiki.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada. Ugumu upo, ila hauko siku ya kusimika.

Dai la pili: “Ni bure kabisa.”

Kilicho bure ni leseni. Nextcloud iko chini ya leseni ya AGPL, kwa hiyo hutozwi chochote kwa idadi ya watumiaji. Cheti cha usalama nacho ni bure kutoka Let's Encrypt, hudumu siku 90 na hujihuisha chenyewe ukikipanga vizuri. Baada ya hapo unaanza kulipa.

Kompyuta ndogo inayokula wati 20 usiku na mchana hutumia uniti 14.4 za umeme kwa mwezi. Si nyingi, lakini LUKU haisamehi. Diski hununui moja, unanunua angalau tatu: ya kazi, ya bakapu ya ofisini na ya bakapu ya nje ya ofisi. Na diski hufa. Kampuni ya Backblaze, ambayo huchapisha takwimu za maelfu ya diski zake, katika miaka ya karibuni imekuwa ikipoteza kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka, na hizo zinakaa kwenye vyumba vyenye ubaridi na hewa safi. Yako inakaa Tandika au Nakuru pamoja na joto na vumbi. Ongeza UPS, jina la kikoa, na saa za mtu kila mwezi, ambazo hazimo kwenye risiti yoyote.

Hesabu yenyewe ndiyo iamue. Mtu mmoja mwenye GB 100 akalipie wingu, atapata nafuu. Studio yenye TB 6 za picha ni habari nyingine, kwa sababu wingu hutoza kila mwezi kwa kadiri mzigo unavyokua, na picha za harusi hazipungui.

Dai la tatu: “Intaneti yetu haiaminiki na umeme ndio usiseme, seva ya ofisini haitufai.”

Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo inatumiwa kinyume. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Katika hali kama ile, ofisi ambayo mafaili yake yote yako Ulaya inabaki na kompyuta zinazowaka na kazi isiyofanyika. Ofisi yenye seva chumba cha pili inafungua mikataba yake kama kawaida, kwa kuwa kutoka kwenye meza hadi kwenye seva hakuna bahari ya kuvuka.

Kwa studio yetu yenye TB 6 tofauti ni kubwa zaidi. Kupandisha TB 1 kwenye wingu kwa kasi ya Mbps 10 ni zaidi ya saa 220, yaani siku tisa bila kupumzika. Kwa waya wa mtandao wa ndani wenye kasi ya gigabiti moja, mzigo huohuo unaweza kuisha kwa saa tatu hivi.

Faida hiyo, hata hivyo, haiji yenyewe. Wengi huipa seva jina la kikoa, na jina hilo hutafsiriwa na mashine zilizo nje. Intaneti ikikatika, kompyuta iliyo mita tatu kutoka kwenye seva haijui pa kuipata. Dawa ni kuipangia ruta ijue kwamba jina hilo, hapa ndani, lina anwani kama 192.168.1.10. Kisha fanya jaribio: chomoa waya wa intaneti, fungua faili. Likifunguka, umeifaidi seva yako. Lisipofunguka, bado unaitegemea bahari.

Kutoka nje ya ofisi, laini nyingi za simu huwaweka wateja chungu nzima nyuma ya anwani moja ya IP, kwa hiyo kufungua poti kwenye ruta hakukufikishi kokote. Njia inayotumika ni VPN, mathalani WireGuard, ikipitia seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake.

Kuhusu umeme, seva haidhuriwi na giza. Inadhuriwa na kuzimika ghafla hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika. UPS iliyounganishwa kwa waya wa USB, pamoja na programu ya NUT, huipa seva taarifa kwamba betri inakaribia kuisha, nayo ikajizima kwa utaratibu. UPS isiyounganishwa hivyo inaahirisha ajali kwa dakika chache tu.

Dai la nne: “Mafaili yakiwa kwangu, hakuna wa kuyagusa.”

Hili linatoka kambi ya wasifiaji, na limeshawatia watu hasara. Juni 2021 wenye My Book Live, diski za mtandao za Western Digital, waliamka wakakuta vifaa vyao vimefutwa vikabaki kama vimetoka dukani. Programu ya ndani ya vifaa hivyo ilikuwa imesasishwa mara ya mwisho mwaka 2015, na bado vilikuwa kwenye intaneti. Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilifungia mafaili kwenye vifaa vya aina hiyohiyo vya QNAP na kudai fidia kwa bitcoin. Vyote hivyo vilikuwa majumbani na maofisini kwa wenyewe, si kwenye wingu la mtu.

Programu huria nazo hazikuachwa. Novemba 2019 virusi vya NextCry vilifungia mafaili kwenye seva za Nextcloud, vikipitia kasoro ya PHP-FPM inapotumika pamoja na seva ya wavuti ya nginx. Kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa Oktoba. Novemba 2023 ownCloud ilitangaza kasoro iliyopewa alama 10 kati ya 10: programu jalizi moja ilianika taarifa za ndani za mfumo, na kwa baadhi ya waliosimika kwa kontena hata nenosiri la msimamizi liliweza kuonekana.

Kuta za ofisi humzuia mwizi wa mlangoni, hazimzuii wa mtandaoni. Kinachomzuia ni mambo manne yasiyo na mbwembwe: kutoianika seva kwenye intaneti kama VPN inatosha, kusasisha mapema, uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtumiaji, na akaunti ya msimamizi isiyotumika kwa kazi za kila siku.

Dai la tano: “Basi wingu la wakubwa ndilo lisilopoteza kitu.”

Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021 jengo la seva la OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua. Wapo wateja waliokuwa na bakapu, ila bakapu zenyewe zilikuwa eneo lilelile, zikaondoka na moto. Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya Google Drive ya kompyuta walikuta mafaili ya miezi ya karibuni hayapo, na Google ikalazimika kutoa njia ya kuyarejesha.

Kampuni hizi zina wataalamu na mitambo ambayo ofisi ndogo haitakuwa nayo kamwe, na kwa kulinda mashine zinakushinda. Lakini ahadi yao inahusu mitambo yao. Haimhusu mfanyakazi wako aliyefuta folda, wala akaunti ya ofisi iliyosajiliwa kwa barua pepe ya mtu aliyeondoka kwa ugomvi. Anayetumia wingu naye anahitaji nakala kwingine.

Dai la sita: “Nina diski mbili za RAID, bakapu ya nini?”

Katika madai yote, hili ndilo linaloliza watu. RAID ya diski mbili huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Karani akifuta folda ya mikataba saa nne asubuhi, saa nne hiyohiyo imefutika kwenye diski zote mbili. Virusi vikifungia mafaili, vimefungia nakala zote mbili. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba zote mbili ndani ya boksi moja.

Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh bado haijapata mpinzani: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali. Mbali maana yake jengo jingine. Diski ya nje iliyo kwenye droo ya meza ileile itaungua na meza.

Kwa Nextcloud kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Bakapu yake ina angalau vipande vitatu: folda ya data, folda ya config na hifadhidata. Wengi hunakili folda ya data peke yake, wakaridhika kwa kuwa ndiyo yenye gigabaiti. Siku ya kurudisha wanakuta mafaili yapo, lakini nani alishirikishwa nini, viungo vilivyotumwa kwa wateja na akaunti za watumiaji, vyote vilikuwa kwenye hifadhidata. Na kama uliwasha usimbaji wa mafaili kwenye seva, nakala ya mafaili bila funguo zake ni takataka zilizopangwa vizuri. Kwa hiyo utaratibu ni huu: iweke seva kwenye hali ya matengenezo ili mtu asiandike, toa nakala ya hifadhidata, nakili folda zote mbili, kisha ifungue tena. Ipange ifanyike usiku.

Halafu rudisha. Chukua kompyuta nyingine isiyo na kitu, rudisha bakapu yote humo, ingia kama mtumiaji wa kawaida, tafuta mkataba wa mwaka juzi, ufungue na usome ukurasa wa mwisho. Andika ilichukua saa ngapi. Saa hizo ndizo utakazomwambia bosi siku ya msiba wa kweli. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa ihesabu kama haipo.

Dai la saba: “Data ikikaa ndani ya nchi, kwenye ofisi yangu, nimeshatimiza sheria.”

Mahali pa kukaa data ni sehemu moja tu ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hizi zinauliza pia umekusanya taarifa za watu kwa sababu gani, nani anaziona, umezilinda vipi, na mwenyewe akitaka zirekebishwe utafanya nini. Kenya inataka kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe.

Seva yako inaweza kukusaidia hapo, maana unaweza kuona nani amefungua nini na unajua diski iko wapi. Vilevile inakuondolea wa kumsingizia. Fomu za wagonjwa zikivuja kutoka kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yako, mwenye kujibu ni wewe.

Dai la nane: “Ikishafanya kazi, usiiguse.”

Ushauri huu umezaa magofu mengi ya seva. Toleo kubwa la Nextcloud hupata marekebisho ya usalama kwa takriban mwaka mmoja, kisha linaachwa. Na haliruki ngazi: aliye kwenye toleo la 25 hawezi kwenda la 28 moja kwa moja, lazima apite la 26 na la 27, na njiani PHP yenyewe inaweza kudai ibadilishwe. Aliyesasisha kila toleo lilipotoka alitumia nusu saa kila mara. Aliyekaa miaka mitatu anajikuta na mwisho wa juma mzima wa kupanda ngazi, huku kila ngazi inadai bakapu yake.

Kutoigusa kuna gharama nyingine ya taratibu, nayo ni diski kujaa. Mtu akifuta faili, Nextcloud huliweka kwenye pipa la taka kwa siku 30 au zaidi kwa mpangilio wa kawaida, na huhifadhi matoleo ya zamani ya faili linalohaririwa mara kwa mara. Watumiaji wanafuta, nafasi hairudi, wanadhani seva mbovu. Kama hifadhidata iko diski hiyohiyo, siku diski itakapojaa nayo itashindwa kuandika, na ofisi nzima itasimama kwa sababu ya video za sherehe ambazo kila mtu aliamini zimeshafutwa. Kumgawia kila mtumiaji kikomo chake na kutazama nafasi kila wiki kunatosha kulizuia hilo.

Hukumu

Kwa ofisi yenye mafaili mengi, inayofanya kazi mahali pamoja na yenye intaneti ya kuyumba, seva yake mwenyewe ni uamuzi wa akili. Si anasa ya wataalamu, wala si zawadi ya bure. Lakini iwe imejibu maswali matatu. Nani ameandikiwa kazi hii kwenye majukumu yake, na akiugua nani anashika? Nakala ya tatu iko jengo gani? Mara ya mwisho kurudisha faili kutoka kwenye bakapu ilikuwa lini?

Ukikosa jibu la lolote kati ya hayo, lipia wingu, weka nakala moja kwenye diski ya nje iliyo nyumba nyingine, na usione haya. Ukiwa nayo majibu yote, usisubiri kibali cha mtu. Ila kabla hujatoa hela ya mashine, chukua karatasi uandike jina la mlezi wake na la msaidizi wake. Karatasi ikibaki tupu, mashine isinunuliwe.